Pomboo kwenye kopo: lebo inayojibu swali la bahari nyingine

Juzi nilikuwa dukani Mwanjelwa, hapa Mbeya, nanunua chakula cha mwanafunzi wa uzamili aliyechoka maharage: kopo la jodari. Nililigeuza kutafuta tarehe ya kuisha muda, nikakutana na pomboo. Kapicha kadogo, pomboo anaruka juu ya mawimbi, na chini yake maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba huyu samaki amevuliwa bila pomboo kudhurika. Bila shaka umewahi kukaona. Mimi nimekaona miaka kumi sasa na siku zote nilikachukulia kama ile alama ya kusema usitupe kopo ovyo. Safari hii nikaamua kukasoma kama mhakiki anavyosoma kitabu, yaani nikajiuliza: kinasema nini, kinamwambia nani, na kimenyamazia nini?

Jibu fupi ni kwamba lebo hii inasema kweli, lakini kweli yenyewe inahusu bahari nyingine na wavu mwingine. Kwa sisi wa Tanzania hilo si jambo dogo, kwa sababu nchi yetu iko kwenye orodha moja mbaya ambayo kopo haliigusi kabisa. Nitafika huko.

Kwanza historia, maana lebo hii ilizaliwa kwa sababu nzuri. Mashariki ya Bahari ya Pasifiki ya kitropiki, kati ya Mexico na Peru hivi, kuna tabia ya ajabu: jodari wakubwa wa mapezi ya njano huogelea chini ya makundi ya pomboo. Sababu bado inajadiliwa. Wavuvi waliligundua hilo zamani, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 meli kubwa zikaanza kuwatafuta pomboo kwa makusudi, kuwafukuza kwa boti za kasi, kisha kuwazungushia wavu mkubwa unaofungwa chini kama mfuko wa kamba. Wavuvi wetu wa Pwani wana mdogo wake, wanauita ringineti. Jodari walikuwa chini, pomboo juu, na wote waliingia. Tangu uvuvi huo uanze, pomboo waliokufa wanakadiriwa kuzidi milioni 6. Mwaka 1986 peke yake walizidi 130,000.

Mwaka 1988 mwanabiolojia mmoja wa Marekani, Sam LaBudde, alitoka na picha za video alizozipiga kwa siri akiwa mfanyakazi kwenye meli ya uvuvi. Watu waliona pomboo wakipondwa kwenye mashine za kuvutia wavu. Hasira ilikuwa kubwa, watu wakagomea jodari wa kopo, na Aprili 1990 kampuni kubwa za kusindika za Marekani zikatangaza kuwa hazitanunua tena jodari waliovuliwa kwa kuzungushia pomboo. Mwaka huohuo Bunge lao likatunga sheria ya nani aruhusiwe kuandika maneno yale kwenye kopo. Baadaye nchi zinazovua kule zikakubaliana meli kubwa zote zibebe waangalizi. Leo vifo vinavyorekodiwa katika uvuvi ule ni chini ya 2,000 kwa mwaka. Kutoka zaidi ya 130,000! Ni mifano michache ya uhifadhi wa bahari yenye matokeo ya namna hiyo, na mtu akikwambia mlaji hana nguvu mwonyeshe hizo namba.

Kwa hiyo sina ugomvi na asili yake. Ugomvi wangu ni na picha. Mtazame tena yule pomboo: anaruka, jua linawaka, bahari ni safi, na hakuna wavu popote. Hakuna mvuvi. Hakuna jina la bahari. Neno "salama" limekaa peke yake kana kwamba hatari ni moja tu na imeshakwisha. Sasa tafuta maandishi madogo. Baadhi ya makopo huandika eneo alikovuliwa samaki kwa namba za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Ukiona 51, hiyo ni Bahari ya Hindi ya magharibi, bahari yetu. Ukiona 71, ni Pasifiki ya magharibi. Katika maeneo yote mawili ile tabia ya jodari kukaa chini ya pomboo si kawaida kama ilivyo kule Pasifiki ya mashariki, na meli za ringineti kubwa hazijengi uvuvi wake juu ya kuwafukuza pomboo. Kwa jodari wa namba 51 waliovuliwa na meli hizo, kuandika kwamba pomboo hawakuzungushiwa wavu ni sawa na kuandika kwenye gunia la viazi vya Uyole kwamba hakuna tembo aliyeuawa. Ni kweli, ila hakuna aliyetoka jasho kuitimiza.

Kuna jingine ambalo kapicha hakasemi. Meli nyingi zilipoacha pomboo zilihamia kuzungushia vitu vinavyoelea, magogo na majukwaa ya kutengenezwa, kwa sababu samaki hupenda kukusanyika chini yake. Pomboo hawapo pale, lakini wapo papa, kasa, na jodari wadogo ambao hawajazaa hata mara moja. Mizani ilihama kutoka mnyama tunayempenda kwenda kwa wanyama tusiowawekea picha. Naliacha hapo, linastahili makala yake.

Turudi kwenye wavu unaoua pomboo katika bahari yetu. Huu naufahamu kidogo, maana utafiti wangu ni wa ndugu yake wa maji baridi: nimekaa misimu miwili bwawani Mtera, pale Iringa inapopakana na Dodoma, nikipima matundu ya nyavu za kutega. Mtera kuna perege na kambale, pomboo hakuna, lakini kanuni ya wavu ni ileile. Ni ukuta wa nyuzi, juu una maboya, chini una vizito, unatandazwa jioni na kuvutwa alfajiri. Samaki wa saizi yake akiingiza kichwa, uzi unamkamata nyuma ya matamvua, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Wavu hauna macho. Alfajiri moja tulivuta mmoja tukamkuta mnandi, yule ndege mweusi anayezamia kufuata samaki, amenasa bawa na amekufa maji. Mzee mwenye mtumbwi alimnasua taratibu, akaniambia, "Huyu naye alikuja kazini kama mimi, mwanangu."

Baharini wavu wa namna hiyo ukiwa na matundu makubwa, wa kuvulia papa na jodari, unaitwa jarife. Baadhi hutegwa chini, nyingine huachwa zielee na mkondo usiku kucha. Pomboo ni mnyama anayevuta hewa kama mimi na wewe. Akinasa mkia au pezi mita chache tu chini ya maji, ana dakika, hana masaa. Huenda unajiuliza: si pomboo wanaona kwa mwangwi? Ndiyo, hutoa milio na kusikiliza inavyorudi, na kwa njia hiyo anaweza kumtambua samaki gizani. Lakini uzi mwembamba wa nailoni hurudisha mwangwi hafifu mno, na mnyama aliyekaza macho, au tuseme masikio, kwenye chakula hachunguzi ukuta ambao hautarajii. Tena samaki walionasa tayari ni karamu iliyoandaliwa. Hakuna aliyemkusudia. Mvuvi wa jarife hataki pomboo: anachana wavu, anapoteza usiku mzima.

Sasa ile orodha. Mwaka 2020 kundi la watafiti wakiongozwa na Charles Anderson walichapisha makadirio ya pomboo na nyangumi wadogo waliokufa katika uvuvi wa jodari wa nyavu za kutega katika Bahari ya Hindi nzima. Jumla yao kuanzia 1950 hadi 2018: milioni 4.1. Kilele kilikuwa kati ya 2004 na 2006, karibu 100,000 kwa mwaka. Linganisha na ile milioni 6 ya Pasifiki iliyotikisa dunia. Halafu wakataja nchi tisa zinazobeba karibu vifo vyote hivyo kwa sasa: Iran, Indonesia, India, Sri Lanka, Pakistan, Oman, Yemen, Umoja wa Falme za Kiarabu, na ya tisa ni Tanzania.

Niliposoma jina letu nilisimama kwenda kuchemsha chai.

Nikiwa mtu wa takwimu, hata hivyo, siwezi kukuletea namba bila kuikwaruza. Makadirio yale yamejengwa juu ya programu 10 za kuhesabu, zilizofanyika kati ya 1981 na 2016 katika nchi nne: Australia, Sri Lanka, India na Pakistan. Tanzania haimo. Walichofanya ni kuchukua uwiano wa pomboo kwa tani za samaki kutoka kule, wakauzidisha kwa tani za jodari wa nyavu zinazoripotiwa na kila nchi. Kwa bahari nzima hiyo ni njia ya busara, na wenyewe hawakuficha. Kwa nchi moja inalegea. Jarife ya ngalawa ya Unguja si wavu wa kilomita kadhaa wa meli ya Iran. Tani tunazoripoti nazo, yeyote aliyewahi kukaa na daftari la mavuo kwenye mwalo anajua zinavyopatikana. Kwa hiyo nafasi yetu ya tisa inaweza kuwa juu au chini ya ukweli. Kinachonikera ni kwamba tumepewa nafasi kwa hesabu ya kuazima wakati tuna watu waliokwisha kuanza kuhesabu hapa nyumbani.

Maana walianza. Omar Amir, Per Berggren na Narriman Jiddawi waliwahoji wavuvi wa nyavu katika vijiji vya Unguja na kuchapisha matokeo mwaka 2002, na kazi iliendelea katika Ghuba ya Menai, kusini mwa kisiwa, ambako ndiko Kizimkazi. Kama umewahi kuona tangazo la kwenda kuogelea na pomboo Zanzibar, ni pale. Na pale ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mamilioni. Kati ya 1999 na 2002 watafiti waliwapiga picha pomboo mmoja mmoja, wakiwatambua kwa makovu ya pezi la mgongoni kama sisi tunavyotambuana kwa sura. Aina moja, pomboo-chupa wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, walikuwa kati ya 136 na 179. Aina ya pili, pomboo mwenye nundu, walikuwa kati ya 58 na 65. Abiria wa basi moja la Mbeya kwenda Dar.

Vifo vya nyavuni kwa mwaka vilikadiriwa kuzidi asilimia 5 ya kila kundi. Piga hesabu nami. Chukua pomboo 150. Asilimia 5 ni saba au wanane. Jike huzaa mtoto mmoja, mimba yake ni kama mwaka mzima, na hukaa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa tena. Wataalamu hukadiria kwamba hata mambo yakienda vizuri kundi la pomboo haliongezeki zaidi ya asilimia 4 hivi kwa mwaka, yaani sita. Unatoa wanane, unaongeza sita. Na hiyo sita ni ya bahari isiyo na tatizo jingine lolote, wala boti ishirini za watalii zinazowakimbiza asubuhi. Pomboo mwenye nundu sasa yumo kwenye orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Aprili 2006 pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa ufukweni Nungwi, kaskazini mwa Unguja, na habari ikaenda dunia nzima. Wanaokufa mmoja mmoja kwenye jarife hawana habari. Mvuvi anamnasua, anamwacha azame, au anamkata awe chambo cha papa, maana Kizimkazi hadi miaka ya 1990 pomboo waliwindwa kwa makusudi kwa ajili ya chambo hicho. Na ukitaka kujua sisi wa Nyanda za Juu tunaingiaje, fikiria papa mkavu, yule wa chumvi, anayepanda mlima mpaka kwenye meza za sokoni Iringa na Mbeya. Yeye ni zao la jarife kuliko kopo lolote. Hana lebo. Nilimwuliza mama mmoja anayeuza samaki wa Pwani, "Shikamoo mama, huyu kavuliwa kwa wavu gani?" Akanitazama kwa huruma. "Marahaba. Kavuliwa na wavuvi, mwanangu. Unachukua nusu au kipande kizima?"

Hapo ndipo kosa la msingi la lebo linapoonekana. Ilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na kampuni chache za kusindika, zinazonunua kutoka meli chache, zinazouza kwa walaji wenye uwezo wa kuchagua rafu nyingine. Kwa haki, masharti ya lebo nyingi yanakataa pia jodari wa nyavu kubwa za kuelea. Lakini jodari huyo hahitaji lebo, kwa sababu haendi kwenye rafu hiyo. Anaishia Karachi, Muscat, Darajani, Feri, kwenye sufuria za watu wasioulizwa. Lebo imeosha njia moja ya biashara na kuuacha wavu pale ulipokuwa.

Je, wavu wenyewe unaweza kurekebishwa? Unaweza, na hapa sayansi inapendeza. Mwaka 1994 huko kaskazini mashariki mwa Marekani, watafiti walifunga vifaa vidogo vya kutoa mlio kwenye nyavu zilizokuwa zikiua jamaa wa pomboo wa bahari baridi, mnyama mfupi asiye na mdomo mrefu ambaye Kiswahili hakijampa jina lake kwa kuwa huku hayupo. Nyavu zisizolia zilinasa 25, zinazolia zikanasa 2. Tatizo ni kwamba vifaa hivyo huhitaji betri, na jarife moja huhitaji vingi; mvuvi wa ngalawa atanunua injini kwanza, na mimi ningefanya hivyo. Pakistan walijaribu jambo la bei ndogo zaidi: badala ya wavu kuelea usoni mwa maji, kamba za maboya zikarefushwa wavu ukae kama mita 2 chini. Pomboo wanasafiri na kupumua juu, jodari wengi wako chini. Uwezekano wa kunasa pomboo ulishuka kwa zaidi ya robo tatu. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli, ikaziagiza nchi wanachama kuweka nyavu hivyo ifikapo 2023. Tume hiyohiyo ilipiga marufuku nyavu za kuelea zinazozidi kilomita 2.5 kuanzia 2022, ila jarife nyingi za wavuvi wetu wadogo hazifiki urefu huo, kwa hiyo marufuku hiyo inapita juu ya vichwa vyao.

Kamba ya mita mbili. Kinabaki kitu kimoja ambacho ripoti hukipitia haraka: jodari nao wakipungua kiasi fulani wavu ukishushwa, nani anabeba hasara ya usiku huo? Yule mtalii wa Kizimkazi analipia kumwona pomboo akiwa hai. Mwenye jarife kijiji cha jirani hapati chochote kwa pomboo ambaye hakunasa. Pesa za watalii na hasara ya mvuvi hazijawahi kukutana kwenye meza moja, na kopo langu la Mwanjelwa, lililobandikwa pomboo kwa bei ya juu kidogo kuliko lile lisilo naye, halimpelekei yeyote kati yao hata shilingi.

Nililinunua, kama unataka kujua. Lilikuwa namba 71.